Wasia wa Mfanyakazi: Nyumba, Minazi na Mafao



Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, tumeulizwa mara nyingi: mtu mwenye nyumba ya makuti, minazi ishirini na mshahara wa kiwandani, aandike wasia wa nini? Wengi wetu hudhani wasia ni jambo la matajiri.

Mwenzetu mmoja alikimbia Palma mwaka 2021, akafia ukimbizini Pemba. Aliacha mke, watoto watatu, na mikorosho kijijini. Ndoa yao ilifungwa msikitini, haikuandikishwa serikalini, na vyeti viliungua pamoja na nyumba. Watu waliporudi, ndugu wa marehemu walikuwa wamekwisha kugawana mikorosho. Tulimsindikiza mjane kwa wazee. Swali likawa moja tu: karatasi iko wapi? Hatukuwa nayo.

Kwanza tuelewane juu ya shamba. Katika nchi yetu ardhi ni mali ya serikali, haiuzwi. Unachorithisha ni haki ya kuitumia, pamoja na ulichojenga na miti uliyopanda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997 iliweka kwamba haki hiyo hurithiwa bila kubagua mwanamume na mwanamke, na kwamba aliyekaa kwa desturi ana haki hata bila hati, kwa ushahidi wa majirani. Kwa hiyo andika mipaka: shamba linaanzia mwembe gani, linaishia kisima gani, jirani ni nani. Fidia inapokuja, kama ilivyokuja kwa watu wa Afungi kwa ajili ya mradi wa gesi, anayehesabiwa ni yule ambaye mashahidi wanamtambua.

Pili, wasia una mpaka. Waislamu tunajua kwamba wasia hauzidi theluthi ya mali, wala hauandikiwi mrithi mpaka warithi wengine wakubali. Sheria ya serikali nayo, yaani Sheria ya Mirathi namba 23 ya mwaka 2019, inawatengea watoto na jamaa wa karibu kabisa fungu lao ambalo wasia hauwezi kuligusa. Mahali zinapoachana ni hapa: katika mgawo wa dini mtoto wa kiume hupata mara mbili ya dada yake, lakini serikali haiwatofautishi. Hatuingilii dini ya mtu. Tunashauri tu mzee azungumze na wanawe angali hai, maana wakifika mahakamani itakayosomwa ni sheria ya serikali.

Wasia huandikwa kwa notario. Unamweleza mbele ya mashahidi, anaandika katika kitabu chake, anakusomea, unatia saini. Asiyejua kusoma asione haya, njia hii ndiyo yake. Ipo njia nyingine ya kuandika mwenyewe na kumpelekea notario athibitishe, ila hiyo yataka mtu anayesoma. Mume awe na wasia wake na mke wake. Taja madeni, kwa sababu deni hulipwa kabla ya mgawo. Taja pia watoto wote. Wazee wetu wengi walivuka Ruvuma kukata mkonge Tanganyika, wakaacha watoto pande zote mbili, na wajukuu wakaja kukutana kwenye matanga bila kujuana.

Wengine hutaka minazi kadhaa isiuzwe kamwe, nazi zake zisaidie msikiti au yatima. Hiyo ni wakfu. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali za namna hiyo. Kwetu msimamizi huwa ni mzee wa msikiti, na mzee naye hufa. Basi taja wasimamizi wawili, sema nani atamrithi nani katika usimamizi, na minazi ihesabiwe mbele ya watu. Tumeona wakfu mzuri ukageuka shamba la mjukuu wa msimamizi.

Mafao ya INSS ni jambo jingine kabisa. Hayapiti kwenye wasia. Pensheni ya wafiwa huenda kwa mjane na watoto wanaotambulika kisheria, kwa hiyo mtoto asiye na sedula atahangaika. Angalia pia kama mwajiri anapeleka makato yako. Usingoje ufe ndipo mkeo agundue hayakupelekwa. Na ndoa ya msikitini au ya mila, ambayo Sheria ya Familia ya mwaka 2004 iliitambua, ipelekwe ikaandikishwe.

Nakala moja ya karatasi hizo usiiweke nyumbani. Mpe jamaa aliye mji mwingine, Pemba, Nampula au hata Mtwara. Asiyejua aanzie wapi amwone mjumbe wa chama kazini kwake. Tutakwenda naye kwa notario.