Mawimbi ya Umeme na Nambari Changamano: Sehemu ya Pili

Baada ya kulieleza wimbi lenyewe katika sehemu ya kwanza, leo nakusudia kumbainishia msomaji kwa nini mafundi wa umeme, watu ambao shughuli yao ni vyuma na waya, waliiazima kwa wanahisabati nambari iliyodhaniwa kwa karne nyingi kuwa haina maana, nayo ni kipeuo cha pili cha hasi moja.

Katika kituo cha Singida hukutana njia kuu za kilovolti 400: ile itokayo Iringa kupitia Dodoma na kuendelea Shinyanga, na ile iendayo Arusha na Namanga hadi Isinya katika nchi ya Kenya, umbali wa kilomita zipatazo 500. Umeme huo hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Haitoshi, basi, kujua kimo cha wimbi la kila njia; sharti ijulikane pia zawia yake, yaani limefika wapi katika mzunguko wake wakati ule ule, kwa maana mawimbi mawili yenye kimo kimoja, moja likiwa kileleni na jingine bondeni, yakiunganishwa huleta madhara makubwa.

Aliyewahi kumwona ngamia akizungusha kinu cha mafuta atafahamu kwamba mwendo wake ni duara, ilhali kivuli chake ukutani, jua likiwa chini, huenda na kurudi. Nambari changamano, iliyoundwa kwa nambari ya kawaida pamoja na kipeuo hicho cha hasi moja, ndiyo ngamia. Volti tunayoipima ni kivuli. Kuizidisha nambari hiyo kwa j, yaani kwa kipeuo chenyewe, herufi waliyoichagua mafundi kwa kuwa i ilikwisha kupewa mkondo, ni kuigeuza robo ya duara. Kuizidisha mara ya pili ni kuifikisha upande wa pili kabisa, ndiyo sababu j mara j ni hasi moja. Sioni muujiza hapo, naona adili ya hesabu. Charles Steinmetz, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliwafunulia mafundi njia hii mwaka 1893.

Natuchukue mashine moja ya kukamua alizeti, miongoni mwa zile zilizo nyingi Singida. Tuseme mota yake yavuta ampea 3 zinazokwenda pamoja na volti na kufanya kazi, na ampea 4 zinazochelewa robo ya mzunguko kwa ajili ya usumaku wa koili. Ajumlishaye kama ajumlishavyo magunia atapata 7. Waya hubeba 5, kwani huo ndio urefu wa 3 − j4. Kapasita ifaayo, ikivuta +j4, huuondoa mzigo huo wa pili, na waya hubakiwa na 3.

Hayo ni ya wimbi safi. Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 juu ya joto, alifundisha kwamba wimbi lijirudialo, hata likipotoka umbo, laweza kuchambuliwa kuwa mawimbi safi ya masafa mbalimbali; na orodha ya masafa hayo, kila moja na kimo chake na zawia yake, ndiyo spektra. Chaja za betri na taa za LED huupotoa mkondo, zikizaa mawimbi ya hezi (mizunguko kwa sekunde) 150, 250 na kuendelea. Fezi tatu, yaani mawimbi matatu yaletwayo kwa waya tatu, hupishana digrii 120, hivyo mikondo ya hezi 50, ikilingana, hufutana katika nyutro, waya wa pamoja wa kurudia. Lakini kwa hezi 150 zawia huzidishwa kwa tatu, 120 ikawa 360, ambayo ni mzunguko kamili. Kwa hiyo mikondo mitatu hiyo haifutani hata chembe, bali hujumlishana, na nyutro iliyodhaniwa kuwa tupu hupata moto, ingawa kila fezi ikipimwa peke yake haijapita kiasi chake.