Je, Wajua? Stendi ya nota huangukia penye pengo
Stendi ya nota ina miguu mitatu kwa sababu mitatu hugusa chini yote hata uwanja ukiwa na mabonde. Wa nne ungeelea. Lakini haiangukii kwenye mguu, huangukia kwenye pengo kati ya miguu miwili. Ukipiga fidla nje, tanua miguu mpaka mwisho na uelekeze mmoja kule upepo unakokwenda. Ubao wa kuwekea nota ulio mzima hushika upepo kama tanga, wenye matundu huupitisha. Ukumbini ubao mzima ndio bora, hubeba kitabu kinene bila kupinda. Pwani, nunua ya alumini, maana chuma huliwa na chumvi. Kabla ya kulipa, ipandishe, ikaze, weka kitabu kizito. Ikishuka hata kidogo, iache.