Unaogopa mazimwi ya Japani? Je, ya Simbi Nyaima?

Ukimaliza bando usiku ukitazama anime ya kutisha, blanketi umelivuta hadi puani, jua kwamba mojawapo ya anime za mazimwi zilizovuma kitambo ilichochewa kwa sehemu na hadithi za ajuza. Ni GeGeGe no Kitaro, iliyoanza kuonyeshwa kwenye runinga mwaka 1968. Mchoraji wake, Shigeru Mizuki, alikulia Sakaiminato, mji wa wavuvi, akisimuliwa habari za mazimwi na bibi kizee mmoja. Vita vya Pili vya Dunia vilimkata mkono wa kushoto. Akachora kwa wa kulia. Leo barabara moja ya mji huo imejaa sanamu za shaba za mazimwi yake, na watalii wanamiminika.

Wajapani walikuwa wameanza kitambo. Mwaka 1917 ilitoka Namakura Gatana, katuni ya dakika chache kuhusu samurai mwenye upanga butu. Filamu nyingi za enzi hiyo ziliangamia, baadhi katika tetemeko na moto wa Tokyo mwaka 1923. Hiyo ilidhaniwa imepotea hadi ilipopatikana Osaka, karibu miaka 90 baadaye.

Sasa geuka huku kwetu. Karibu na Kendu Bay, Homa Bay, kuna Simbi Nyaima, ziwa la chumvi ndani ya kreta. Inasimuliwa kwamba ajuza mwenye njaa alifika kijijini usiku wa sherehe, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimhurumia, naye akaambiwa ahame upesi. Mvua ikashuka, kijiji kikazama na ngoma zake. Kwangu mimi inatisha kuliko zimwi lolote lenye meno, maana wabaya hapa ni majirani wa kawaida kabisa, wameshiba.

Huko Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, zilizoingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2018. Jina lenyewe linataja msitu mnene wa kutisha. Mandhari hayo unayo tayari!

Usiniambie haiwezekani. Kwame Nyong'o alishatengeneza The Legend of Ngong Hills, katuni ya zimwi lililompenda binti wa Kimaasai. Na programu ya Blender hailipiwi.

Ila siku hizi siwindhe hazipo, na dani anazeeka. Likizo hii mwekee simu karibu, urekodi. Akichanganya Dholuo, mwache aendelee. Kuchora utachora baadaye.