Hadithi Hukomaa Ikirudiwa

Anayeandika hadithi kwa mapenzi tu, bila mshahara wala mkataba, kwa kawaida hupewa mashauri mawili: soma sana, andika sana. Mwalimu wa shule ya msingi kule Ganze, mhudumu wa hoteli Watamu au karani wa kaunti mjini Kilifi akiuliza afanyeje ili hadithi zake ziwe bora, jibu atakalopata ni hilo, na si jibu baya. Ila halitoshi, na kwa mwandishi wa Pwani laweza hata kumpoteza. Mtu anaweza kujaza madaftari kumi, na hadithi ya mwisho ikabaki na dosari zile zile za hadithi ya kwanza, tofauti ikiwa ni kwamba maneno yamezidi kupendeza. Hoja yangu ni kwamba mwandishi wa ridhaa hukua pale anapoirudia hadithi moja na kukubali kuugusa mwili wake wenyewe: nani anasimulia, nini kinatokea, msomaji anajuzwa lini. Kuongeza idadi ya hadithi, au kuzitia nakshi zilizopo, hakumfikishi huko.

Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Sommers, alichapisha utafiti uliolenga jambo hili hasa. Alichukua wanafunzi 20 wa mwaka wa kwanza chuoni na watu wazima 20 waliozoea kuandika, wakiwemo wanahabari na wahariri. Kila mmoja aliandika maandishi matatu, na kila andiko akalirudia mara mbili. Wanafunzi walipoambiwa warudie, walishughulika na maneno: hili limejirudia, lile si zuri, hapa pafutwe. Wazoefu walirudi kutafuta umbo la walichotaka kusema, wakijiuliza msomaji ataelewa nini akifika mahali fulani, na walikuwa tayari kung'oa aya nzima au kuhamisha mwisho ukawa mwanzo. Mtu anaweza kupinga kwamba watu 40 ni wachache na kwamba yale hayakuwa hadithi za kubuni. Ni kweli. Lakini Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, katika kitabu chao cha mwaka 1987, walifika karibu na hapo kwa njia nyingine: mwandishi asiyekomaa humwaga anachokijua kwa mfuatano kinavyomjia, ilhali aliyekomaa hukigeuza anachokijua wakati anakiandika. Ushahidi huu hautuambii jinsi ya kuandika hadithi nzuri. Unatuonyesha tu mahali tofauti ilipo kati ya anayeanza na aliyefika, nako ni huku kwenye kurudia.

Kwa Kenya, mazoea ya kugusa maneno peke yake yana chanzo kinachojulikana. Mtoto alifunzwa kutunga hadithi kwa ajili ya mtihani. Insha ya Kiswahili katika KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na alama 40 na dakika 40. Katika dakika hizo hakuna nafasi ya kugundua katikati ya safari kwamba msimulizi aliyefaa ni dada wa mhusika, ukaanza upya. Mtoto mwerevu aliingia na akiba yake tayari: majogoo ya alfajiri, mbio za swara, machozi ya njia mbili mbili, na methali moja ya kufungia. Kidato cha nne nafasi huongezeka, lakini si sana: karatasi ya insha ya KCSE ina saa 1 na dakika 45 kwa insha mbili, na si ajabu swali mojawapo kumtaka mtahiniwa atunge kisa cha kuthibitisha methali. Walimu hawana kosa katika hili. Waliwaandaa watoto kwa kipimo kilichokuwapo, na wengi tumepata Kiswahili chetu kizuri mikononi mwao. Lakini aliyefuzu kwa njia hiyo huondoka shuleni akiamini kwamba hadithi hukamilika siku ile ile inapoanzwa, na kwamba kazi ya matukio ni kutetea funzo lililojulikana tangu mwanzo. Imani hizo mbili humfuata hadi utu uzima, hata pale ambapo hakuna tena msimamizi wa kumwambia aweke kalamu chini.

Kuna atakayesema kwamba ninadharau lugha, na hasa kwamba ninaidharau Pwani, ambako ufundi wa maneno ndio heshima ya mtunzi. Hapana. Utenzi na shairi vimesimama karne nyingi kwa uzito wa kila neno, na mwandishi wa hadithi aliyekulia Malindi ana utajiri ambao wa bara atautafuta kamusini. Utajiri huo ndio unaomfichia dosari. Mwenye lugha haba husoma rasimu yake na kuona mara moja kwamba haisimami. Mwenye lugha nono husoma yake, akaisikia inavyotiririka, akadhani imekamilika, kumbe mhusika mkuu hajafanya uamuzi hata mmoja tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi ya nathari inabeba mzigo ambao shairi laweza kuukwepa: lazima mtu atake kitu, azuiwe, atende, na kutenda kwake kumgharimu.

Hebu tuangalie kwa karibu, kwa kisa ambacho Kilifi inacho cha kweli. Vigango, nguzo za mbao zinazochongwa na kusimamishwa kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, vimekuwa vikiibwa katika maboma ya Wamijikenda na kuuzwa ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilipatikana katika makumbusho mawili ya Marekani na kurudishwa mwaka 2007, na vilitambulika kwa sababu mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee wa boma akiwa navyo kabla ya wizi. Mwandishi wa ridhaa akiazima mkasa wa namna hii, rasimu ya kwanza yaweza kuanza hivi: “Jua lilikuwa limechomoza kwa madaha, ndege wakiimba nyimbo tamu, Kazungu alipoamka akiwa na huzuni isiyo kifani, kwani kigango cha babu yake kilikuwa kimeibwa.” Akiketi kusahihisha kwa mtindo wa shule, jicho litakwenda kwenye “kwa madaha” na kuweka “kwa maringo”, “isiyo kifani” itakuwa “isiyomithilika”. Sentensi itazidi kung'aa, na hadithi haitakuwa imesogea hata hatua moja. Swali lililopaswa kuulizwa ni jingine: Kazungu anajua nini, na anaweza kufanya nini? Ikiwa mwizi ni mgeni asiyejulikana, Kazungu amebaki na huzuni tu, na huzuni isiyo na uamuzi haimpeleki msomaji popote. Je, ikiwa aliyekiuza ni yeye Kazungu? Hapo huzuni inakuwa siri, na siri ina mtu wa kuificha na mtu wa kuinusa. Rasimu ya tatu au ya nne yaweza kufika hapa:

“Mama alifagia uwanja kuanzia mlangoni. Alipokifikia kile kishimo, fagio lilikizunguka, likaendelea. ‘Mama, nikutekee maji?’ Kazungu aliuliza. ‘Maji yapo, mwanangu. Wewe pumzika, ulichelewa kurudi.’”

Hakuna tashbihi humo, wala jua halijatajwa. Lakini fagio linalozunguka kishimo limeshamwambia msomaji kwamba kitu kilichokuwa kimesimama pale hakipo, na kwamba kwa mama mahali penyewe bado pana heshima yake. Maneno “ulichelewa kurudi” yanaweza kuwa huruma ya mzazi, yanaweza pia kuwa shtaka. Kazungu hajui ni lipi, nasi hatujui, kwa hiyo tunaendelea kusoma. Zaidi ya hayo, mwisho wa zamani hauwezi tena kukaa. Pengine rasimu ya kwanza ilimtia mwizi wazimu na kufunga kwa methali. Sasa, mama akiwa anashuku, swali la hadithi limekuwa kama atawaambia wazee au atamlinda mwanawe, na mwandishi analazimika kumfikiria mama ambaye awali hakuwemo kabisa. Jambo ninalolitilia mkazo ni hili: mama huyu hakuweza kupatikana kwa kuanza hadithi nyingine. Alipatikana kwa sababu rasimu mbovu ilikuwapo mezani, ikahojiwa.

Kilifi imewahi kumtoa mtu aliyeandika pembeni ya kazi nyingine, na vitabu vyake vinaonyesha kukua kwa namna hii. Katama Mkangi alikuwa mwanasosholojia na mhadhiri wa chuo kikuu, na alitiwa kizuizini mwaka 1986. Riwaya zake tatu ziko mbali mbali: Ukiwa ilitoka 1975, Mafuta 1984, Walenisi 1995. Ukiwa ni simulizi ya mapenzi ya vijana, iliyo karibu na maisha ambayo msomaji wa wakati ule angeyatambua mara moja. Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kufa kwao, anatiwa katika chombo cha kumwangamiza, nacho kinamfikisha katika nchi inayoendeshwa kwa haki. Siwezi kudai kwamba pengo la miaka lilijaa rasimu. Tarehe za vitabu hazithibitishi hilo. Kinachoonekana wazi kwenye kurasa ni kwamba hasira dhidi ya dhuluma imetafutiwa umbo jipya kabisa la kuibeba. Mwandishi aliyeridhika na ufasaha wake angeweza kurudia umbo la Ukiwa maisha yake yote. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, mtu wa magazeti, anatufunza upande mwingine. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ukatoka kitabu 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes. Aina hiyo ya hadithi haisameheki ikiandikwa mara moja: dalili ya ukurasa wa tano hupandwa na anayeujua ukurasa wa mwisho.

Wengine husema kwamba kurudia rudia ni desturi ya kigeni, na kwamba msimulizi wetu hutoa hadithi ikiwa nzima. Ngano zenyewe zinawakanusha. Bibi anayesema “Paukwa!” na kuitikiwa “Pakawa!” amekwisha kuisimulia hadithi ile mara nyingi, na kila mara masikio yaliyo mbele yake humrekebisha: watoto wakianza kusinzia hufupisha safari ya sungura, wakicheka humrudisha fisi. Hiyo ni kazi ya uhariri, ila haina karatasi. Aliyepoteza kitu ni mwandishi, kwa kuwa anakaa peke yake na hakuna anayesinzia mbele yake. Anaweza kukirudisha kwa njia rahisi: amsomee mtu mmoja hadithi kwa sauti, bila kumpa waraka, kisha siku mbili baadaye amwombe aisimulie mwenyewe. Asiulize “uliionaje?”, kwa maana jamaa na rafiki watasema ni nzuri. Asikilize mahali mtu anaporuka, anapochanganya majina, anapobuni sababu ambayo hadithi haikutoa. Njia hiyo inahitaji tahadhari. Frederic Bartlett, katika kitabu chake cha mwaka 1932, alionyesha kwamba Waingereza waliosimulia upya ngano ya Wahindi wekundu wa Marekani waliyaacha au kuyageuza mambo yaliyokuwa mageni kwao. Kwa hiyo anachokisahau msikilizaji wa Nairobi kuhusu kaya za Wamijikenda huenda si dhaifu, ni kigeni kwake tu. Msikilizaji wa pili, aliyekulia Kaloleni au Magarini, atasaidia kutenganisha mambo hayo mawili.

Kuna pingamizi zito zaidi, la kipaji. Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti 88 kuhusu mazoezi ya makusudi, wakaona kwamba yanaeleza asilimia 26 ya tofauti kati ya watu katika michezo kama sataranji, 21 katika muziki, 18 katika riadha na spoti, na chini ya 1 katika taaluma za kazi. Basi mazoezi si kila kitu, na asiyekubali hilo anawadanganya watu. Lakini swali la mwandishi wa ridhaa si kama atampita mwandishi mashuhuri kama Said Ahmed Mohamed. Anauliza kama hadithi yake ya mwaka huu itaipita ya mwaka jana, na kwa swali hilo tofauti ya vipaji kati ya watu haina jibu. Kuhusu muda, kurudia kunamfaa zaidi mwenye shughuli nyingi. Kuanza jambo jipya hudai akili iliyotulia, lakini kuuliza “mama anajua nini?” kunawezekana ndani ya matatu ya Malindi kwenda Kilifi, na wanaofanya kazi mahotelini wana masika, wageni wanapopungua, kama msimu wa kuandika kwa kirefu.

Limebaki pingamizi la kwamba kurudia huua uhai wa hadithi. Linatokea, na hutokea pale mtu anapoendelea kurudia baada ya kazi kwisha. Dalili yake haifichiki: ukisoma rasimu mara mbili mfululizo na ukaona unayotaka kubadilisha ni maneno matupu, hakuna tena mhusika, tukio wala mfuatano unaokusumbua, basi mwili wa hadithi umetulia. Hapo ndipo mahali pa ule ufundi wa lugha ambao Pwani imekurithisha. Pitia mara moja kwa ajili ya sauti ya sentensi, soma kwa sauti hadi mwisho, uifunge, umpe msomaji asiyekujua.