Mamba wa Mabwawa ya Mitaani

Katika jimbo la Florida, nchini Marekani, mitaa mingi ya makazi imechimbiwa mabwawa ya kupokea maji ya mvua. Samaki huzaliana humo, wavuvi wa ndoana huwafuata, na mamba aina ya aligeta naye huwafuata samaki hao hao. Jimbo hilo lina aligeta wanaokadiriwa kufikia milioni 1.3.

Kwa asili yake, aligeta humwogopa binadamu. Hofu hiyo ndiyo ngome ya wakazi, na mwenye kuibomoa ni mvuvi mwenyewe, atupapo majini matumbo ya samaki. Mamba hujifunza kwamba penye mtu pana chakula. Kesho yake humkaribia mtoto asiye na ndoana wala samaki. Ndiyo maana sheria ya Florida inakataza kumlisha aligeta wa porini.

Sisi tukaao kandokando ya maziwa na mito yenye mamba wa Mto Nile, aliye mkali zaidi, tuna la kujifunza. Tuvue mchana, kwani mamba huwinda zaidi tangu machweo hadi alfajiri. Akimwandama samaki tuliyemnasa, tukate mshipi. Na mabaki ya samaki tuyafukie mbali na maji. Mchuma janga hula na wa kwao.