Kutia Nibu ya Namna Nyingine katika Kalamu ya Wino

Kalamu ya wino huonekana kwa nje kuwa kitu kimoja, lakini ndani yake mna vitu kadhaa visaidianavyo. Nibu ndiyo igusayo karatasi. Chini yake umelazwa ulimi mweusi wenye mfereji mwembamba, nao hupeleka wino kutoka kifukoni hata kwenye ufa wa nibu. Wino utokapo, hewa huingia mahali pake. Hewa isipoingia, wino husimama. Ikizidi, wino humwagika juu ya daftari. Lewis Waterman wa New York alipewa hati ya serikali mwaka 1884 kwa ulimi wa namna hii.

Mfikirini mtu wa Njoro, mjini Moshi, aliyeachiwa kalamu na babu yake. Babu alikuwa karani wa kahawa katika KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933, na nibu yake ni nyembamba, ya kuandikia tarakimu. Mjukuu ataka kuandika majina katika vyeti vya ubatizo kwa herufi nzuri. Yampasa apate nibu ya ncha bapa, ambayo ikishuka hufanya mstari mnene, na ikienda upande hufanya mwembamba. Waandishi wa pwani waliijua kazi hiyo tangu zamani, maana walichonga ncha bapa katika kalamu zao za matete. Lakini tete likiharibika hukatwa jingine. Ulimi wa kalamu ya babu ukivunjika, haupatikani mwingine kwa urahisi.

Zipo kalamu zisizo na taabu. Esterbrook za Marekani na Osmiroid za Uingereza zilitengenezwa hivi: nibu na ulimi vimeshikamana pamoja, navyo hufunguliwa kama parafujo. Tena parafujo za aina hizo mbili zapatana, hata nibu bapa ya Osmiroid yaweza kuingia katika Esterbrook.

Kalamu nyingine nibu yake imekazwa shingoni kwa kubanwa tu, na hapo ndipo watu wenye haraka huharibu. Kwanza shingo ilowekwe katika maji ya baridi, wino mkavu ulainike. Maji ya moto hayafai, kwani kalamu nyingi za zamani hupoteza rangi au kupindika. Kisha nibu na ulimi vishikwe pamoja kwa kipande cha mpira, vivutwe polepole, bila kupindwa.

Nibu mpya iwekwe juu ya ulimi na kutazamwa kwenye mwanga. Ikiwa imejikunja kuliko ulimi, itasimama kwa kingo zake, na katikati patabaki nafasi. Wino hautafika kwenye ufa. Ikiwa nene mno, isisukumwe kwa nguvu, shingo isije ikapasuka. Nibu ya chuma ya kuchovya, hata ikienea vizuri, huliwa na kutu upesi.

Vikipatana, vyote viwili hurudishwa kwa pamoja, ufa ukiwa katikati ya ulimi sawasawa. Kalamu hujaribiwa kwanza karatasi mbovu, si cheti. Nibu bapa hunywa wino mwingi, na ulimi wa karani ulizoea kutoa kidogo. Kwa hiyo mjukuu akiona herufi zapauka katikati ya jina, na aandike taratibu zaidi.