Kuku Akijeruhiwa: Kumtibu Vidonda Nyumbani

Kuku wa kienyeji anayezurura uani huandamwa na mengi kwa siku moja: mwewe angani, nguchiro vichakani, mbwa na paka wa jirani, seng'enge, kona za mabati, na kuku wenzake. Usiku huja kicheche. Wengi wanaonusurika mashambulizi hayo hawauawi na jeraha lenyewe. Huuawa na mshtuko, na midomo ya wenzao, au na funza wa nzi siku mbili tatu baadaye, na yote hayo yanaweza kuzuiwa kwa vitu vilivyomo nyumbani.

Kuku aliyeumia mara nyingi hukimbiziwa kisu asije akafa kibudu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini aghalabu ni pupa. Ngozi ya kuku hufunga haraka. Tetea aliyechunwa mgongo na mbwa, nyama ikabaki wazi kwa upana wa kiganja, anaweza kupona na kuota manyoya tena baada ya wiki kadhaa akitunzwa vizuri. Tetea anayetaga na kulea ni mtaji wa nyumba, na anastahili kupewa nafasi hiyo.

Jambo la kwanza ni kumtenga, hata kabla ya kutafuta dawa. Kuku huvutwa na wekundu wa damu. Mmoja akianza kudonoa, wengine hufuata, na kundi zima linaweza kumtoboa mwenzao hadi matumbo yatoke. Tenga lililofunikwa kanga au boksi lenye matundu linatosha, mradi liwe mahali pakavu, penye utulivu na giza kidogo. Chini hutandikwa gunia safi au magazeti. Maranda na pumba za mpunga hazifai kwa sababu hunasa kwenye kidonda. Joto la kawaida la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hadi 42 za selisiasi, na aliyepatwa na mshtuko hupoa upesi, kwa hiyo chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa huwekwa ubavuni mwake. Maji ya kunywa yawe karibu, lakini asimiminiwe mdomoni: tundu la hewa liko nyuma tu ya ulimi, na maji hupitiliza hadi kwenye mapafu.

Damu haisubiri. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu ya takriban mililita 100 tu mwili mzima, hivyo mchirizi unaoonekana mdogo kwa binadamu kwake ni mkubwa. Kitambaa safi hukandamizwa juu ya jeraha kwa dakika tano bila kufunuafunua. Ukucha uliovunjika unaweza kubandikwa unga wa mahindi ili damu igande, ila unga usiingizwe kamwe kwenye kidonda kilicho wazi. Majeraha ya kilemba na ndevu hutisha kwa wingi wa damu, ilhali mara nyingi ni mikwaruzo ya juujuu.

Akishatulia, huviringishwa kanga na kufunikwa macho ili asipapatike. Kifua kisibanwe. Kuku hana msuli wa kiwambo kama binadamu. Hupumua kwa kupanuka kwa kifua, na akibanwa anaweza kukata roho mikononi mwa anayemtibu. Manyoya yanayozunguka kidonda hukatwa kwa mkasi, wala hayang'olewi, kwa kuwa kung'oa huchana ngozi ambayo tayari imedhoofika. Unyoya mchanga wenye bua lililojaa damu huachwa.

Kusafisha ndiyo nusu ya tiba. Kijiko cha chai kimoja cha chumvi, kisichojaa kilele, hukorogwa kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kuwa vuguvugu. Maji hayo hupulizwa kwa bomba lisilo na sindano mpaka mchanga, kinyesi na nyuzi za manyoya vitoke vyote. Kuna tahadhari moja ambayo wengi hawaijui: matundu marefu ya mgongoni, kifuani au kwenye bega la bawa yasipulizwe maji kwa nguvu. Ndani ya mwili wa kuku mna vifuko vya hewa vilivyoungana na mapafu, na hata mfupa wa juu wa bawa una uwazi unaopitisha hewa. Hapo hufutwa kwa shashi yenye unyevu tu.

Baada ya kusafisha, kidonda hupanguswa kwa aiodini iliyozimuliwa hadi ifanane rangi na chai nyepesi, kisha hupakwa asali safi kwa tabaka jembamba. Asali huvuta maji kutoka kwa bakteria na ina asidi inayowazuia kustawi. Dawa ya kupuliza ya rangi ya bluu inayouzwa kwenye maduka ya mifugo ina faida ya ziada ya kuficha wekundu. Ikiwa ina kiuavijasumu, mayai na nyama visiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Majivu, oili chafu, mafuta ya taa na unga wa betri viachwe kabisa. Huunguza nyama changa inayojaribu kuota, na kwa kuwa kuku hujisafisha kwa mdomo, kila anachopakwa hatimaye hukimeza. Krimu za binadamu zenye ganzi nazo zinaweza kumdhuru ndege.

Jino la paka huacha kitundu kidogo kinachodharaulika, lakini hupandikiza ndani bakteria hatari. Kuku wa namna hiyo afikishwe kwa mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyechanika gole, chakula kikawa kinavuja kifuani, na aliyetokwa na matumbo au mfupa nje.

Kidonda hukaguliwa asubuhi na jioni, chini ya mkia kukiwemo, kwani wakati wa joto mayai ya nzi yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Funza wakionekana huondolewa mmoja mmoja kwa kibano na eneo huoshwa upya.

Usaha wa kuku nao una tabia yake. Chembe zake nyeupe za damu hazina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo hautiririki. Huganda ukawa mkavu na wa manjano kama kiini cha yai lililochemshwa. Kusubiri jipu "liive" lipasuke ni kupoteza muda. Hali hii huonekana sana kwenye nyayo za kuku wanaoruka kutoka vichanja virefu hadi sakafu ngumu: unyayo huvimba na kuota gamba jeusi katikati. Mguu huloekwa kwenye maji vuguvugu ya chumvi kwa dakika 15, gamba likilainika huondolewa, usaha ulio karibu hutolewa, aiodini hupakwa na bandeji hufungwa. Glavu ni lazima, maana bakteria wa usaha huo wanaweza kumwambukiza binadamu pia. Uvimbe uliozama ndani ni kazi ya mtaalamu.

Magamba ya kilemba na kope yasichanganywe na vidonda vya kudonolewa. Yakitokea kwa kuku kadhaa kwa pamoja, huenda ni ndui ya kuku, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Kuyabandua hueneza virusi; kinga yake ni chanjo.

Bawa lililovunjika hukunjwa lilivyo kawaida na kufungwa mwilini kwa utepe wa kitambaa, bila kubana kifua. Mguu chini ya goti hufungwa vijiti viwili vilivyozungushiwa pamba, na vidole hukaguliwa kila siku: vikipoa au kuvimba, kamba imebana. Mifupa ya kuku huunga kwa takriban wiki tatu.

Kumrudisha bandani hungoja ngozi ifunge kabisa. Kwa siku chache tenga lake huwekwa ndani ya banda ili kundi limzoee, kisha huachiliwa jioni wenzake wanapokwenda kulala. Mwenye mgongo uliochunika hukaa mbali na jogoo hadi manyoya yaote, na jogoo mwenyewe hupunguzwa ncha za vipi. Matetea wanane hadi kumi kwa jogoo mmoja huzuia migongo hiyo kuchunika tena.